Utambi Uliokataa Kunyamaza

Jumatatu, 17 Julai

Mwezi wa Karkidakam umeingia na mvua zake. Mtambo mpya wa kupikia mafuta ya dawa nao umeingia kiwandani. Chungu kikubwa cha chuma kisichoshika kutu, kina mabomba ya mvuke, kipimajoto na kengele! Kimewekwa palepale lilipokuwa karai langu la shaba. Karai limehamishiwa kwenye kibanda cha kuni. Nimeumia.

Miaka ishirini na nne mimi, Gangadharan, ndiye ninayesema mafuta yameiva. Nachota mashapo ya dawa karaini, nayaviringisha kwa vidole yawe utambi, naushika kwenye moto. Ukitatarika, maji bado yamo. Ukinyamaza, epua. Leo eti kengele ndiyo itasema.

Tabibu Neelakantan, mwenye kiwanda, ametuita. Jumamosi anakuja mkaguzi wa serikali. Mbele yake kengele ikilia na utambi wangu ukanyamaza, basi mtambo unajua kazi, na koti jeupe la msimamizi ni la Jisha, yule binti mhandisi aliyekuja nao. Utambi ukitatarika, mtambo umekosea, koti ni langu. Jina litashonwa kifuani.

Majirani nimeshawaambia ni langu.

Jumanne, 18 Julai

Nimempelekea Jisha ndizi za kukaanga, nimlainishe. Amekula nne. Kisha akaniomba nimfundishe utambi! Aliniita kaka, kwa adabu zote. Nusura nikubali.

Nikajikaza. Nikamwambia utambi si mchezo, una miiko. Mtu sharti akae siku saba bila kuonja chumvi, kwa sababu chumvi hutoka na jasho la vidole na kufanya moto useme uongo. Nimeitunga papo hapo. Aliandika kila neno kwenye daftari lake. Binti msomi kabisa!

Jumatano, 19 Julai

Majaribio. Kengele imelia saa tisa na dakika kumi. Nilijifanya napita, nikachota mashapo kidogo, nikaenda kuyachoma nyuma ya kibanda. Kimya. Nikachoma mengine. Kimya! Mtambo umepatia mpaka dakika.

Sikumwambia mtu. Nimerudi nyumbani bila hamu ya chai. Kengele haijawahi kuungua vidole, haijawahi kukohoa moshi, na imepatia siku ya kwanza.

Wakati wa kula mke wangu Omana alinirushia kopo la chumvi, likanipa wazo. Nikatengeneza utambi, nikauchanganya na punje tatu, nikaushika kwenye taa ya sala. Ta-ta-ta-ta! Kumbe jana nilisema kweli bila kujua. Omana akaniuliza, wewe baba Sindhu, miungu wamekukosea nini? Nikamjibu ni mambo ya kiwanda.

Alhamisi, 20 Julai

Nilipanga kuficha chumvi chini ya kucha. Asubuhi mlangoni Jisha yuko na mkasi wa kucha. Kanuni mpya! Zangu zote kumi zimekwenda, na chumvi yake.

Mfukoni basi. Sare mpya haina mfuko hata mmoja, ili vitu visidondokee kwenye dawa. Kwenye pindo la msuli? Misuli imepigwa marufuku, tunavaa suruali. Usasa huu umetengenezwa na mtu aliyewahi kuwa mjanja.

Mchana sote tulikula wali na mchuzi, isipokuwa Jisha aliyekuwa na bakuli la uji mweupe. Wenzangu walimtania, eti anajikondesha apate kuolewa. Akacheka tu.

Ijumaa, 21 Julai

Kofia! Kofia ya nywele haikaguliwi. Kijiko kizima cha chumvi, juu ya sikio la kulia. Jioni nimefanya mazoezi ya kujikuna mbele ya kioo. Omana ameuliza kama nina chawa.

Jumamosi, 22 Julai

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Mkaguzi amefika, mtu mpole mwenye mwavuli. Mafuta ya kichwa, lita themanini. Kengele ikalia. Tabibu akanipa ishara. Nikavua glavu, nikajikuna sikio, nikaviringisha. Ta-ta-ta! Watu wote wakashtuka. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema mtambo bado mtoto. Tabibu akaamuru mvuke uendelee.

Baada ya robo saa nikaambiwa nipime tena. Mara hii sikujikuna, nilitaka utambi unyamaze. Ta-ta-ta! Chumvi ilikuwa imeloa kwa unyevu wa mvua na mvuke, imenitiririka shingoni, vidole vyote vimejaa. Nikajifuta kwenye sare. Sare nayo ina chumvi! Robo saa nyingine. Ta-ta-ta-ta! Mafuta yakaanza kunuka kuungua. Nilitaka kupiga kelele waepue, lakini ningesemaje?

Ndipo Jisha akaniuliza, kwa upole na mbele ya watu wote: "Kaka, samahani, jana hukula chumvi kweli?"

Tabibu akauliza chumvi imeingiaje hapa. Jisha akafungua daftari, akasoma mwiko wangu neno kwa neno. Akasema yeye ana siku ya tano hajaionja, angeomba ajaribu, japo saba hazijatimia. Akaviringisha vizuri kabisa, nadhani alijifunza kwa kuniangalia. Kimya.

Tabibu akachukua utambi wangu, akaulamba.

"Gangadharan," akasema, "tunapika mafuta ya kichwa au achari?"

Mkaguzi akacheka mpaka mwavuli ukamponyoka. Lita themanini zimemwagwa. Koti limeshonwa jina la Jisha.

Jumapili, 23 Julai

Jisha amekuja nyumbani na mvua yote hii. Nilidhani amekuja kunisuta. Hapana. Ameleta karatasi: utaratibu mpya wa kiwanda, ambao mkaguzi ameshaupitisha. Kila kengele ikilia, mtu apime kwa utambi kabla ya kuepua. Juu kabisa ameandika: Njia ya Kaka Gangadharan. Tabibu amekubali nibaki, nifundishe.

Kisha akauliza kama leo, siku ya sita, anaweza kula samaki wa Omana, au asubiri kesho zitimie saba. Amekonda uso! Siku sita uji mtupu, kwa uongo wangu. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikasema ale, mwiko umekwisha. Alikula sahani tatu. Omana alinitazama wakati wote.

Alipoondoka nimekaa na ile karatasi, machozi yakanitoka. Jina langu, juu kabisa, limeandikwa na mtu niliyemshindisha na uji. Nimeapa kesho nitamwambia ukweli wote.

Ila, kwa haki, nimefikiri kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa chumvi. Chumvi inaloa. Haradali hailoi, na kwenye moto inatatarika vizuri zaidi. Nimemuuliza Omana anaiweka wapi. Mara nimesikia kabati la jikoni likifungwa kwa ufunguo.