Kesi ya Zimwi, Darasa la Tatu A

Jumatatu, 4 Machi
Mkaguzi anakuja Alhamisi. Mwalimu mkuu kasema somo litakalomkuna ndilo litakaloamua nani awe mwalimu wa taaluma. Cheo kina ofisi. Ofisi ina mlango! Meza yangu ya sasa imepakana na choo. Tunaowania ni wawili: mimi wa A, na shemeji, mdogo wa mke wangu, wa B. Hadithi ni ileile: Zimwi aliiba mbuzi wa kijiji, akaomba radhi, akasamehewa. Shemeji eti atawaacha watoto waisimulie upya kwa maneno yao. Basi? Nimemhurumia.

Jumanne, 5 Machi
Mimi nitamfikisha Zimwi mahakamani. Watoto mawakili, mashahidi, hakimu. Zimwi mimi mwenyewe. Nimekata shuka kuukuu, nikashona pembe. Mke wangu kasema shuka kuukuu bado liko kabatini.
Kwenye mazoezi watoto walinifunga maisha. Mara tatu! Nikawakumbusha kwamba andalio la somo linasema msamaha. Hakimu, kabinti tunakokaita Bibi Swali, akasema mbuzi hawajaulizwa.

Jumatano, 6 Machi
Dawa imepatikana. Nimeandika hukumu ya msamaha, nikaikunja, nikampa Bibi Swali. Aifungue mbele ya mkaguzi, si kabla. Shemeji kanikuta koridoni, akaniambia pembe moja imelegea. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Nilinguruma. Nilitubu. Nilitoa machozi ya kweli, maana pembe ilinidondokea jichoni. Bibi Swali akakunjua karatasi. Akaikodolea macho. Akatoa daftari lake, akatafuta pale nilipomwandikia "Jitahidi", akalinganisha. Kisha, taratibu kabisa:
"Hukumu hii kaiandika mshtakiwa."
Adhabu: kufagia darasa mwezi mzima, pembe kichwani. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Akasema watoto hawa wanafikiri, akauliza nani aliwafundisha mwaka jana.
Shemeji.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kahamia ofisini. Nilipopita na ufagio akachungulia mlangoni. Mlangoni pake!
"Shemeji, ukimaliza huko, na huku kuna vumbi."
Nimetafakari kwa kina, kama mtu mzima. Kosa langu nimeliona: mwandiko. Muhula ujao tuna kesi ya Sungura. Tangu asubuhi najifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.