Sufuria Inanisubiri Ocoa

Jumapili, 24 Machi
Nimefungwa tena. Na mtoto wa miaka kumi! Binti yangu Yaniris kambana mfalme wangu kwa farasi na askari wawili, kwa simu, huku anatafuna. Kwetu Ocoa kila Jumapili, wali ukishaliwa, sataranji inatolewa barazani na wote wanacheza, hata mama mkwe asiyeona vizuri. Anapapasa kete kwa vidole na bado anatufunga. Sheria ya nyumba: mshindi anakula ukoko, aliyefungwa anasugua sufuria. Hakuna kusaidiwa. Mimi niko Bávaro napiga plasta hoteli ya wenye nazo. Nikaomba nisamehewe, niko mbali. Mama mkwe akapokonya simu akasema hapa kwake sufuria haina msamaha, mkwe, itarowekwa mpaka uje na mikono yako. Wakacheka. Nikacheka nao. Simu ilipokatika nikabaki natazama saruji.

Jumatatu, 25 Machi
Aibu! Mke wangu Nurys kaniambia Yaniris kaandika jina langu kwa chaki kwenye sufuria na kuiweka barazani. Kila apitaye anasoma ELIGIO. Wali wanapikia sufuria ya jirani. Nimeapa Jumapili nishinde. Sheria inasema ukishinda mechi ya kisasi, sufuria yako inamhamia mwenzako. Nimetengeneza ubao kwa kipande cha plaiwudi: vizibo vya bia upande wangu, vya soda upande wake. Malkia wangu ni nati kubwa. Nimefanya mazoezi peke yangu saa ya chakula. Soda imeshinda.

Jumatano, 27 Machi
Nimepata mpango! Radhamés, fundi vigae, aliwahi kucheza klabuni mji mkuu. Jumapili atakaa kando yangu aninong'oneze. Atachukua bakuli langu la maharage matamu ya Kwaresima, na maziwa yake na biskuti zake. Naumia, lakini heshima kwanza. Akauliza nikifungwa inakuwaje. Nikasema inabidi niende nyumbani kusugua. Akanitazama sana. Akasema, jamaa, hiyo ndiyo adhabu? Nikamwambia hajui sataranji ya familia.

Jumamosi, 30 Machi
Don Fello, msimamizi wetu, katangaza kwamba lori linakwenda Baní kuchukua mchanga na nafasi moja iko wazi. Kutoka Baní hadi Ocoa ni kupanda mlima tu. Wote wakanigeukia, maana sijafika kwangu tangu Krismasi. Nikakataa. Kesho nina mechi. Don Fello akauliza kwa nini nisiende nikacheze huko huko mezani. Huyu naye! Huko Radhamés atanong'ona vipi?

Jumapili, 31 Machi
NIMESHINDA! Radhamés ananong'ona, mimi natangaza kwa sauti nzito kama mbunge. Mama mkwe akauliza nani anakohoa hapo. Nikasema upepo wa bahari. Ngome ikashuka, mfalme wa Yaniris hana pa kwenda. Nikapiga kelele hadi walinzi wakaja.

Upande wa pili nikasikia kiti kikisukumwa.

Nurys akachukua simu. Akasema mtoto kaenda kusugua sufuria, na analia. Wiki nzima alikuwa anafundishwa na bibi yake ili anifunge mara ya pili. Alipiga hesabu kwamba sufuria moja baba anaweza kuipuuza, lakini mbili lazima atakuja. Nikauliza ukoko wangu uko wapi. Nurys akasema kapewa mbwa.

Kwa hiyo jina langu limeoshwa. Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 1 Aprili
Plasta imedondoka ukuta mzima. Don Fello akauliza nina nini. Nikasema sina sufuria. Nikamweleza yote. Hakucheka. Kwao Azua ni vilevile, yeye mwenyewe alishawahi kuacha kazi akasugue. Akasema lori linarudi Baní Jumatatu ijayo. Nikifungwa Jumapili, kiti ni changu na likizo juu. Nisipofungwa, sababu sina, na kiti kinakwenda kwa mwingine. Haki kabisa.

Basi nafungwa! Nimemwomba Radhamés anifundishe kufungwa. Akasema hilo sihitaji mwalimu.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimefua shati. Nimenunua steli waya mpya ya kusugulia, nzuri, inang'aa. Nimemnunulia Yaniris kibanio cha nywele. Baraza la kwetu saa hizi lina harufu ya kahawa, na yeye ananing'iniza miguu haifiki chini. Au labda sasa inafika. Sijui.

Jumapili, 7 Aprili


Nilianza vizuri. Nikamtolea farasi wote wawili. Sauti yake ikachangamka. Akasema baba, leo umelala? Akasema sufuria imeungua kweli kweli, bibi kafanya makusudi, utasugua mpaka Pasaka! Nilisikia maji yakimiminwa ndani yake. Nikaanza kuwaza njia ya mlimani, baridi yake.

Halafu akamwacha malkia wake wazi. Mbele ya askofu wangu! Hana mlinzi hata mmoja! Nikajiambia, Eligio, tazama bahari. Nikatazama bahari. Nikajiambia, sogeza askari wa pembeni. Nikafungua mdomo niseme askari.

Mdomo ukasema askofu anamla malkia.

Baada ya hapo sikumbuki. Nilimaliza kila kitu kilichokuwa ubaoni. Nimeshinda peke yangu, Radhamés alikuwa kalala huko! Mara ya kwanza maishani! Nurys akasema taratibu, Eligio, acha ujinga, panda lori uje. Nikamwambia haiwezekani, sheria ni sheria, sina sufuria. Yaniris hakutaka kuaga.

Jumatatu, 8 Aprili
Lori limeondoka. Radhamés yumo kwenye kiti changu; mama yake anaumwa, sababu halali. Nimempa kile kibanio akiache Baní, Nurys atatuma mtu akichukue. Alinipungia mkono hadi wakakata kona.

Sasa nimetulia. Jumapili nafungwa, hilo halina mjadala. Nitacheza bila nati, malkia wangu. Nitaziba masikio. Nitakula vizibo ikibidi.

Ila saa ya chakula nimegundua njia moja ya kumbana mfalme kwa ngome mbili na askari mmoja tu. Safi ajabu! Nitaifanyia mazoezi wiki hii, basi tu, isinipotee.