Kitabu cha Shangazi Chenye Picha Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Vimefika! Nakala mia mbili! Maboksi manne, yote chini ya kitanda changu hapa mtaa wa Majimbo, Embu. Kitanda kimeinuka upande mmoja na shingo inaniuma. Si kitu. Jalada la kijani. Moshi Usio na Nyumba, hadithi za Gitobu Muthamia. Nyuma kuna picha yangu, mkono kidevuni. Mpiga picha alitaka nionekane ninafikiri. Nimeonekana ninaumwa jino, lakini jino la msomi.

Niwe mkweli, kwa kuwa hapa hakuna asomaye. Hadithi ni za marehemu shangazi Ciakuthii wa Kiirua, kule Meru. Aliziandika kwa mkono wake katika madaftari matatu ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Niliyabeba siku ya mazishi, watu wakila. Nimebadilisha majina na kuongeza koma. Koma ni kazi kubwa! Binti yake, Kagwiria, aliniuliza kama nimeyaona madaftari. Nikamwambia mchwa waliyamaliza. Alilia sana, maana hana kitu kingine chenye mwandiko wa mama yake. Nikalia naye. Nililia vizuri kumshinda.

Mchana nikaenda kwa Ireri, mwenye duka la vitabu hapa Embu mjini. Akavipima kwa mkono, akasema, "Mwalimu, hii itakaa sana kwa shelf." Mwishowe amekubali vitano: vikiuzwa tunagawana, visipouzwa navibeba. Akaviweka nyuma ya seti za jiometri. Dirishani kuna nini? Sungura Ni Pesa, cha Munyi, tuliyefundisha naye Kiswahili shule moja. Munyi! Mtu asiyejua kuandika hata barua ya kuomba ruhusa. Toleo la tatu! Mimi niliacha ualimu ili niandike. Munyi husema niliachishwa. Tunatofautiana.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Kitabu kinataka kuuliziwa. Mwenye duka akiulizwa mara mbili, hukitoa nyuma na kukileta mbele. Nikanunua laini nyingine ya simu, nikafunika mdomo kwa leso, nikalegeza sauti ikawa ya mama mzee. Nikampigia Ireri. Je, anacho Moshi Usio na Nyumba? Akaruka! Anacho, lakini vinaisha (mwongo mkubwa), amwekee mama kimoja kwa jina gani?

Sikuwa nimefikiria jina. Nilikuwa natazama maboksi, na jina likanitoka lenyewe: Ciakuthii. Vizuri tu. Jina la mtu asiyeweza kulalamika. Ana miaka mitatu kaburini.

Jambo moja dogo. Nilipokata simu, sauti ya mama mzee ilibaki kooni. Nilikwenda hotelini kuagiza chai, na mhudumu, bila kuinua kichwa, akaniita cucu, kama nyanya yake. Nimesukutua maji ya chumvi mara sita. Sauti yangu imerudi saa kumi.

Jumatano, 5 Machi

Meru mjini, na vitabu kumi. Vitano ni vya Kathambi, ambaye duka lake liko ghorofani, juu ya fundi viatu. Nilipanga nimwachie, kisha jioni mama mzee apige simu. Kathambi alinipokea kwa shangwe kabla sijafungua mkoba. Kumbe ndiye mimi! Kuna mama amepiga asubuhi, anaitwa Ciakuthii, anauliza kama kitabu kimefika.

Nikamwambia labda atapiga jioni. Kathambi akanitazama. "Mwalimu, nimeongea na yeye mwenyewe. Saa mbili." Saa mbili nilikuwa njiani na simu haina chaji! Halafu akaongeza kwamba mama huyo hakutaja jina la kitabu. Alisema: kitabu changu.

Nikaketi bila kukaribishwa. Kisha nikafikiri vizuri. Ni uvumi! Ireri amemwambia mtu, na mtu amemwambia mtu. Hivi ndivyo vitabu vikubwa huanza. Vitano vilivyobaki nilimtumia Mbaabu, mwenye duka la Maua, kwa pikapu iliyokuwa ikirudi tupu baada ya kupeleka miraa Nairobi. Amepiga simu kusema vimefika, na kwamba kule kwao hakuna kitu hungoja kinyauke. Kisha akauliza yule mama wa gambuti aliyekuja kuvishika ni nani kwangu. Nikajifanya mtandao umekatika.

Shangazi alivaa gambuti hata kanisani. Lakini Maua kuna matope. Kila mtu huvaa gambuti.

Alhamisi, 6 Machi

Ireri ameniita kwa ukali. Mteja wangu amekuja! Duka lilipofunguliwa tu. Mama mzee, gambuti, sweta la kijivu, harufu ya moshi wa kuni. Akaomba kitabu chake, akaketi kwenye ngazi, akatoa kalamu, akakisoma chote mpaka saa saba. Kisha akakirudisha rafuni, akaenda zake. Hakununua! Ireri anasema kitabu kimeharibiwa, nikibebe.

Nimekibeba. Kimesahihishwa. Kila ukurasa, kwa kalamu ya bluu! Koma zangu zimefutwa zote, moja baada ya nyingine. Majina niliyobadilisha yamerudi kuwa ya watu wa Kiirua. Pembeni ya ukurasa wa 41 pameandikwa: "Hapa hakulia. Usimlize." Jaladani jina langu limekatwa kwa mstari ulionyooka. Jina lingine halikuandikwa.

Mwandiko ule naujua. Ile g yenye mkia unaoshuka mpaka mstari wa chini. Nilikaa kwenye ngazi ileile. Niliogopa, naandika wazi. Watu walinipita wakiingia kununua Sungura Ni Pesa.

Ndipo nikajua. Munyi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkabili. Nilimkuta kwenye vibanda akiwalisha sungura majani ya viazi. Nikamwambia najua amekodi mama mzee na kumfundisha mwandiko. Akasema hajui ninachozungumzia, lakini kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba hunitaja kwa jina. Matusi hayo!

Nikamfungulia ukurasa wa 41. Akaweka kidole juu ya maandishi, kidole kikatoka na bluu. Wino wa jana, bado mbichi. Akaniuliza polepole ni nani ameandika. Nikamwambia ajibu yeye. Mkewe, Wambeti, akatoka jikoni kuuliza ni nani anachoma kuni mbichi, na kwao hupikia gesi. Halafu nikaona sungura. Arobaini hivi, wote wameacha kula, wote wameelekeza nyuso kwenye mkoba wangu. Hakuna aliyetafuna. Munyi akaniomba kwa heshima zote nitoke na kitabu changu kabla sungura hawajatupa mimba.

Wivu mtupu.

Njiani nikayasoma masahihisho. Ni mazuri! Yanashinda yangu, kidogo. Pale mtu asipolia, ni mimi niliyelia. Basi nimepata wazo, na nimelipigia mstari: TOLEO LA PILI, limepitiwa upya na mwandishi. Mwandishi ni mimi. Munyi atajua hajui.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeyatoa madaftari ili niyalinganishe na masahihisho. Ni matupu.

Yote matatu. Mistari ipo, pambizo nyekundu ipo, jedwali la kuzidisha lipo, saba mara nane bado ni hamsini na sita. Hadithi, hakuna hata herufi. Nimeyainua dirishani penye mwanga. Nimeyapiga pasi. Nimeyanusa: moshi wa kuni. Nikaimba tenzi kwa sauti, beti tano, maneno ya nyimbo tatu tofauti. Jirani aligonga ukuta.

Adhuhuri nikapata sababu. Wino wa bei rahisi. Na unyevu wa Embu. Mwandiko wote wa shangazi uliobaki duniani uko ndani ya kile kitabu kilichosahihishwa, na kitabu ninacho mimi. Bahati iliyoje!

Saa tisa, simu ya Kagwiria. Hatujaongea tangu mwaka juzi. Amenunua kitabu kwa Kathambi. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu heshima kwa marehemu, hakuyataka. Alisema ukurasa wa 63 ni siku aliyozaliwa yeye, na jina lake limo. Nilisahau kulibadilisha! Kesho wakitoka kanisani atatafuta gari, aje Embu. Hakusema anakuja kufanya nini.

Jumapili, 9 Machi

Alikuja na mtoto mgongoni. Mchanga, wiki tano. Sikujua hata kama amejifungua! Kumbe ukoo wote ulienda Kiirua kuona mtoto na kupeleka unga wa uji. Mimi nilikuwa kwa mchapaji, na tena nilikuwa namkwepa Kagwiria. Nikauliza kwa adabu mtoto anaitwa nani.

Kagwiria akashangaa kwamba nauliza. Ni binti wake wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mamake, akawa amemrudisha. Anaitwa Ciakuthii. Kagwiria mwenyewe humwita mama. Akamfungua mgongoni, akasema, "Mama, salimia Gitobu."

Nikahesabu. Miaka mitatu jina lile lilikuwa halina mtu, nami nimelichukua mwezi mmoja tu tangu lipate mwenyewe. Mtu yeyote wa nyumba yetu angelijua, kama angepeleka unga! Mtoto hakulia. Alinitazama bila kupepesa. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu asiye na meno.

Kagwiria hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alisema nibaki na sifa, na picha pia. Anachotaka ni mwandiko. "Gitobu, hata ukurasa mmoja. Hata ile yenye mchwa walikula nusu. Huyu akikua, aone mkono wake." Niliona haya. Kweli kabisa, dakika nzima. Kitabu chenye masahihisho kilikuwa mezani, chini ya gazeti, karibu na kiwiko chake. Nikanyoosha mkono nimpe.

Lakini toleo la pili?

Hapo ukanijia mpango bora kuliko yote ya maisha yangu. Nikampa madaftari. Matupu! Nikasema nimeyaokota juzi tu, mchwa waliyabakiza. Yeye apate madaftari, mimi nibaki na maandishi, na hakuna aliyedhulumiwa.

Akafungua la kwanza. Akaketi sakafuni na mtoto mapajani. Akaanza kusoma.

Kwa sauti! Machozi yanamtoka na huku anacheka. Nikachungulia begani kwake. Karatasi tupu. Kidole chake kilikwenda mstari kwa mstari, kikifika chini anafungua ukurasa. Alisoma siku aliyozaliwa, mvua, mkunga aliyepotea njia, yote. Kisha akasoma hadithi nisiyoijua. Ilikuwa ya mpwa aliyebeba madaftari siku ya mazishi, watu wakila. Koti nililovaa. Kipande cha nyama nilichoficha mfukoni kwa karatasi ya programu ya mazishi. Shangazi wakati huo alikuwa ndani ya jeneza! Ataandikaje? Kagwiria hakuinua macho. Alisema tu, "Inaendelea," akafungua ukurasa.

Chumba kilikuwa na moshi, nami sijawasha kitu. Nilimwomba asome polepole kidogo, maana kalamu yangu ilikuwa haimfikii.

Jumatatu, 10 Machi

Kagwiria ameondoka jana alasiri na madaftari yote. Mlangoni alinishukuru, na alimaanisha. Hilo lilinichoma, lakini nilikuwa na kurasa kumi na nne mpya nilizonakili, hadithi ambazo hazijachapwa popote!

Leo asubuhi nimezifungua. Tupu. Nimefungua kitabu kilichosahihishwa. Bluu imeondoka yote, zimebaki koma zangu. Nimevuta maboksi na kutoa nakala moja moja. Mia moja themanini na tano. Picha ipo kila moja, mkono kidevuni. Jina hakuna. Juu ya jalada pale lilipokuwa pako kijani laini, kana kwamba halikuwahi kuandikwa. Nilikaa katikati ya vitabu vile.

Kisha nikampigia mchapaji. Nimemwambia wino wake ni wa wizi mtupu. Watu hawa hawana aibu! Wanakula jasho la mwandishi mchana kweupe.

Sijakata tamaa. Kosa lilikuwa kalamu. Nimenunua nyingine, ya bei, nyeusi, haifutiki hata kwa maji ya moto. Jumamosi naenda Kiirua kuona mtoto kama inavyotakiwa, na unga kilo mbili. Kagwiria atasoma, mimi nitaandika. Nimempigia kumwarifu, akasema karibu, ila nisichelewe. Ile hadithi ya mpwa imebakiza kurasa tatu tu, halafu mpwa anaisha.

Tatu! Kitabu hakijai kwa kurasa tatu. Nitairefusha mwenyewe.