Mtupaji wa Akiba na Sinia la Mjumbe

Gharama ya leo ni mbuzi mmoja, kilemba changu, na kivuli cha msimu mzima. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Jamaa zangu wa Ambanoro, nawaandikia kutoka Mahajanga kabla habari hazijawafikia kwa vinywa vya wengine, maana hao watatia chumvi.

Mnajua ninavyotupa huko kwetu Nosy Be. Mkono wa kushoto, chungwa bichi, na chungu kinapasuka kabla mwenye rungu anayekilinda hajainua bega. (Kula nala kwa wa kulia, msinianze.) Ndiyo sababu Shemeji Athumani, kaka wa mke wangu na kiongozi wa upande wetu, akanileta kupambana na wakubwa wa Mahajanga. Nikawa mtupaji wa akiba: nikae kitako mpaka Faki, mtupaji wetu wa kwanza, achoke, kisha nimalize.

Tulichoshindania si kidogo. Mshindi atatandika bidhaa msimu huu kivulini, kwenye ukuta wa msikiti. Mshindwa atauzia juani, ubavuni mwa papa mkavu. Fikirieni mikeka yangu na harufu ile. Nani atailalia?

Alasiri bega la Faki likamwisha. Tulikuwa sawa kwa sawa, limebaki chungwa moja. Nikaitwa. Nikaenda polepole, kama mtu anayejua bei ya mali yake.

Shemeji akanishika kanzu. "Unatupa kwa mkono upi?"

"Huo uliousafirisha kutoka Nosy Be."

"Mjumbe wa mfalme amekaa nyuma ya chungu, anakula. Umwelekezee wa kushoto? Unataka tufukuzwe ufalme mzima wa Boina?"

"Wa kulia haujawahi kutupa kitu, shemeji."

"Basi leo utaanza."

(Sokoni biashara ya namna hii ningeikimbia. Unalipia ng'ombe, unaswagiwa kuku.)

Nikatupa kwa wa kulia. Mwenye rungu hata hakupiga, alilisindikiza chungwa kwa macho, kwa huruma. Likapita juu ya chungu, likatua katikati ya sinia la mjumbe. Wali ukamrukia ndevuni.

Ningesimama pale pale, ningekuwa mtu aliyekosa shabaha tu. Lakini adabu ilinipanda kichwani. Nikakimbia, nikavua kilemba, nikaanza kumpangusa mjumbe ndevu kwa mkono wa kulia. Nao wa kushoto, kwa kuwa haukuwa na kazi, ukazama kwenye wali wake ukatoa chungwa.

Mjumbe akautazama mkono. Akautazama wali. Akasema neno kwa Kisakalava, na watu wote wakanitafsiria kwa pamoja, bila kuombwa: "Kumbe huo pia anao. Ulikuwa wapi wakati wa kutupa?"

Shemeji akatoa mbuzi wake achinjwe papo hapo, mjumbe apikiwe upya. Wenyeji wakaanza kutandika kivulini. Mwenye rungu akaniaga vizuri: "Mtupaji wa akiba, baki akibani."

Kwa hiyo nimecheza na wakubwa. Nimetupa mara moja, nimestaafu.

Sasa shemeji amekaa mlangoni mwa chumba nilichofikia, anataka mbuzi wake kesho asubuhi. Ninaye mmoja, wa pembe moja, nadhani tutaelewana. Nishaurini tu jambo moja, na upesi: kamba ya mbuzi nimkabidhi kwa mkono upi?