Posa ya Toleo la Kwanza

Jumamosi, 10 Mei 2025
Nimeliona! Toleo la kwanza la jarida la Nyota ya Mji, la enzi za bibi zetu. Kona hazijakunjwa, pini hazina kutu. Liko Mwananyamala, sandukuni kwa Bi Mwajabu. Matoleo mengine yote ninayo, nimekosa hilo tu. Nikatoa shikamoo tatu kwa mpigo. Akaitikia moja, akasema haliuzwi. Ni la binti yake Raudha, ataondoka nalo siku akiolewa. Akaongeza kwamba Godlisten wa Temeke, mshindani wangu, keshafika kuliulizia. Njiani nikapata jibu: namwoa Raudha. Akili ninazo, sema watu hawazioni.

Jumatatu, 12 Mei
Nimemtuma Mjomba Suleiman apeleke posa. Akauliza nimempendea nini binti wa watu. Nikajibu: yuko katika hali nzuri, hana hata mkunjo. Mjomba akanitazama sana. Ukweli, nimemwona mara moja, tena kwa nyuma. Godlisten mbinu hii haiwezi, ana mke!

Ijumaa, 16 Mei
Posa imekubaliwa! Nimerukaruka mpaka mpangaji wa chumba cha pili kagonga ukuta. Mahari kataja Raudha mwenyewe, ndiyo haki yake. Hataki kitanda wala cherehani. Anataka majarida yangu yote, yafike kabla ya ndoa. Mjomba alicheka mpaka akaomba maji. "Anwar, safari hii umekutana na kiboko yako," akasema. Hajui hesabu. Mke akihamia kwangu, si majarida yanarudi, na lile la kwanza juu yake? Nimeyapakia kwenye bajaji, kila moja na nailoni yake. Nimeimba njia nzima.

Jumapili, 18 Mei
Nimekwenda kumsalimia mchumba. Yuko mkekani, na mkasi. Kumbe anafundisha chekechea! Anakata picha za kuku, magari na nyanya, abandike darasani. Alianza na toleo la kwanza. Jalada lake sasa ni kofia ya karatasi. Nikakaa chini bila kukaribishwa. Raudha akaniletea maji, akauliza taratibu kama bado namwoa yeye, au nilikuwa naoa jarida. Ana gundi puani. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nikasema namwoa yeye. Na kweli namtaka.

Jumamosi, 24 Mei
Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi. Nimesimama nikatangaza: michango ya pesa hatupokei. Kila mjumbe alete majarida ya zamani, yasiyokunjwa. Mjomba akashika kichwa. Nitayaficha chini ya kitanda chetu. Pale Raudha hawezi kuchungulia kabisa.