Toleo la Nne na Ng'ombe wa Mama Wamaitha

Halmashauri ya Mifugo ya Bonde la Kati, Nakuru, ina furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba tangu Jumatatu ya kwanza ya Machi 1974, kompyuta yake inafanya kazi kwa lugha mpya iitwayo Toleo la Nne. Toleo la Tatu limestaafishwa kwa heshima.

Tangazo hilo niliandika mimi, Naftaly Kahiga, Msaidizi wa Ofisa wa Kadi, na namshukuru Mungu kwa kila neno lake. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mitatu, saa za jioni, katika ukumbi wa kanisa, kwa hivyo maandishi si jambo la kuchezea. Kila asubuhi kabla kompyuta haijawashwa, mimi huweka mkono juu ya kadi na kuziombea. Fundi wetu, Jasbir Singh, hungoja kwa adabu mpaka niseme amina, kisha huenda kuangalia nyaya.

Kila ng'ombe ana kadi yake, yenye nafasi za jina, mmiliki, jinsia, umri, maziwa, ugonjwa na agizo. Toleo la Tatu lilikuwa na tabia mbaya. Likikuta nafasi tupu lilisimama na kuuliza. Mkurugenzi wetu, Bwana Micah, hapendi kuulizwa. Toleo la Nne halisimami. Likikuta nafasi tupu, hujaza lenyewe kwa kuchukua neno lililo kwenye kadi iliyotangulia. Tena halisahau. Ukimaliza rejista moja ukaanza nyingine, bado linakumbuka kadi ya mwisho.

Jasbir, ambaye alikuwa amesoma kijitabu chote, aliomba nafasi ya kusema.

"Boss, hii ya kujaza tuizime kwanza. Tujaribu na ng'ombe kumi tuone."

"Fundi," Bwana Micah alisema, "hotuba yangu ya uzinduzi imeshapigwa chapa."

Hapo hoja ikafungwa.

Jumatatu hiyo tulipitisha rejista nzima, tukianzia Ndabibi na kumalizia Dundori. Ng'ombe wa kwanza wa Ndabibi alikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo kweli, na daktari wa mifugo alikuwa ameandika agizo: aletwe Ijumaa, achinjwe. Waliomfuata walikuwa wazima. Sasa, mkulima wa huku haandiki ugonjwa ambao haupo. Anaona ni kama kuuita. Wote walikuwa wameacha nafasi hizo tupu. Kwa dakika arobaini ugonjwa ulitoka Ndabibi ukapanda mpaka Dundori bila kumgusa ng'ombe hata mmoja. Wagonjwa walikuwa elfu tatu, mia nne na kumi na wawili.

Bwana Micah alipiga simu Nairobi papo hapo. "Mashine imegundua mlipuko ambao madaktari hawakuuona," alisema. Nairobi ilimpongeza. Siku ya kuchinja ikapewa jina: Ijumaa ya Afya.

Jumanne alikuja Rahab, mjane wa Dundori ambaye tunasali naye kanisa moja. Mimi humwita Mama Wamaitha, kwa jina la kifungua mimba wake. Ana watoto wanne na ng'ombe mmoja, Betty, aliyenunuliwa kwa mzungu aliyekuwa akihama. Betty ana miaka minne, na maziwa yake, galoni tatu kwa siku, ndiyo chakula cha nyumba hiyo. Kadi ya Betty ilikuwa ya mwisho kabisa katika rejista.

"Baba Nderitu," aliniambia, maana naye huniita kwa jina la mwanangu, "nani amesema Betty ni mgonjwa?"

"Toleo la Nne, Mama Wamaitha."

"Alimpima lini?"

"Halipimi, linasoma. Uliacha nafasi ya ugonjwa tupu."

"Na ningejaza nini, na ng'ombe ni mzima?"

"Ungeandika ugonjwa mdogo. Kikohozi, kwa mfano."

"Wewe ulisoma jioni," alisema. "Labda taa ilikuwa kidogo."

Nilimsamehe, nikampeleka kwa Bwana Micah. Mkurugenzi alimsikiliza huku akisaini barua nyingine.

"Mama, utaratibu upo. Ombi la mmiliki litasikilizwa baada ya mnyama kuchinjwa."

"Akishachinjwa nitaomba nini?"

"Hayo utaeleza kwenye ombi. Tukisikiliza kabla, kila mtu ataomba."

Huko nje Mama Wamaitha aliniomba nimwombee Betty. Nilifumba macho nikaomba kwamba wananchi wapewe moyo wa kulielewa Toleo la Nne. Nilipofumbua, yeye alikuwa amefumbua zamani.

Alhamisi tulipitisha rejista ya watumishi, ili kila mmoja awe na cheti cha kompyuta cha kuwaonyesha wageni wa Ijumaa ya Afya. Halmashauri haipotezi karatasi, kwa hivyo tulitumia kadi zile zile za ng'ombe. Palipoandikwa mmiliki, mtumishi aliandika mkubwa wake; palipoandikwa maziwa, hapana; palipoandikwa agizo, kazi yake. Palipoandikwa ugonjwa, hakuna aliyeacha nafasi tupu, maana karani wa serikali anajua hapo ndipo siku za kupumzika hutoka. Mimi niliandika mgongo.

Kadi ya Bwana Micah iliwekwa mbele ya zote, kwa heshima. Kwa heshima hiyo hiyo tuliandika jina lake tu. Nani angemwuliza Mkurugenzi umri wake? Hapa Nakuru hana mkubwa. Ugonjwa haumfai. Na nani angempa agizo? Niliiombea kadi ile mara mbili.

Ijumaa asubuhi dereva Zeddy alipeleka lori la ng'ombe Milimani, akafungua mlango wa nyuma mbele ya nyumba ya Mkurugenzi.

"Unajua mimi ni nani?" Bwana Micah aliuliza.

Zeddy alisoma karatasi. "Micah. Jike. Miaka minne. Galoni tatu kwa siku. Miguu na midomo."

"Mjinga wewe! Unaona kwato hapa?"

"Boss, mimi kuangalia miguu si kazi yangu. Mimi nafuata karatasi. Hii sahihi chini ni yako."

Ilikuwa yake. Alikuwa amesaini orodha zote kwa pamoja bila kuzisoma, maana kusoma ni kama kuuliza.

Waliingia uani mwa Halmashauri saa tatu, Mkurugenzi akiwa nyuma ya lori. Mama Wamaitha alikuwa amefika, ameshika kamba ya Betty, macho mekundu. Jasbir alimwonyesha cheti cha Mkurugenzi, akaweka kidole kwenye nafasi ya mmiliki. Palikuwa na jina la Rahab wa Dundori.

"Nileteeni fomu nifute upuzi huu," alisema Bwana Micah kutoka juu ya lori.

Ilinibidi nimweleze ukweli. "Bwana Mkurugenzi, mnyama aliye chini ya agizo hasaini. Anayeomba ni mmiliki. Na ombi lake linasikilizwa baada ya..."

"Kahiga, najua baada ya nini!"

Wachinjaji, watu wa utaratibu, walikuwa wameanza kunoa visu. Bwana Micah aliwatazama, kisha akamtazama Mama Wamaitha.

"Mama," alisema taratibu, "mimi naona maombi yasikilizwe kabla."

"Si kila mtu ataomba?"

"Waombe. Ndiyo haki yao."

"Na hii ya kujaza jaza?"

"Fundi ataizima. Turudi Toleo la Tatu."

"Andika, Baba Nderitu," alisema Mama Wamaitha. Niliandika. Wakulima waliokuwa wamejaa nje wakasaini maombi yao mmoja mmoja, na Mama Wamaitha akasaini la Betty. Kisha akaanza kukunja kamba.

"Na mimi?" aliuliza Bwana Micah.

"Wewe si unatoa galoni tatu?"

"Mama, tafadhali."

Alisaini. Wakulima walicheka mpaka Betty akashtuka.

Toleo la Tatu lilirudi kazini Jumatatu, na maswali yake yote. Lakini Toleo la Tatu, likikuta nafasi imejazwa, haliulizi tena. Kwa hiyo katika rejista ya watumishi mkubwa wa Bwana Micah bado ni Rahab wa Dundori, na kulibadilisha jina hilo kunahitaji sahihi ya Rahab, ambaye anasema hana haraka.

Agosti Mkurugenzi alitaka likizo ya wiki mbili. Barua yake niliipeleka Dundori mwenyewe. Mama Wamaitha alikuwa akikamua. Alifuta mikono, akaisoma yote, akaomba kalamu yangu, akaandika chini:

"Ombi lako litasikilizwa baada ya likizo."