Cheti cha Koma Getini Makambako

Kwa furaha isiyo kifani, Kitengo chetu kinautangazia umma wa Njombe kwamba hakuna gunia la viazi litakalovuka geti la Makambako kwenda Dar mpaka mwenye mali awe na Cheti cha Matumizi Sahihi ya Koma za Kiingereza.

Mimi ndiye Katibu. Wazo ni la Mkuu wetu, Mheshimiwa Methusela, aliyesoma waraka wa Kiingereza kwa sauti mkutanini akakosa pa kupumulia. Watu wakacheka. Mkuu akagundua papo hapo kwamba tatizo ni wakulima. Huo ndio uongozi.

Wa kwanza kukwama alikuwa Dorika wa Igwachanya. Fuso aliyokodi ilisimama getini siku kadhaa, viazi vikaanza kuota.

"Kamwene, bosi," aliniambia. "Hii ni ada ya binti yangu. Vikioza, anarudishwa nyumbani. Hiyo koma nitaila?"

"Mama, koma hailiwi. Inawekwa."

"Basi iweke wewe, mimi nipite!"

Watu wengine hawaelimiki. Nilimkalisha chini ya turubai, tukachambua sentensi kuhusu theluji ya London. Alifaulu. Ila cheti husainiwa na Mkuu peke yake, naye alikuwa kwenye semina ya nukta.

Alhamisi Mkuu akatokea mbio, simu sikioni. "Scholastica, nisubiri! Usinunue kwa mwingine!" Scholastica ni mnunuzi wa viazi huko Dar, namba yake kila mkulima anayo. Kumbe mwisho wa foleni kuna Fuso yake, imejaa lumbesa za viazi.

"Fungua!" alimfokea Vitus, mlinzi wa geti.

"Cheti, mzee?"

"Hunijui mimi?"

"Nakujua sana. Ndiyo maana naogopa kuvunja agizo lako."

Njia ni moja, na nyembamba. Ili apite yeye, lazima watoke walio mbele. Basi Mkuu akainamia boneti, akasaini vyeti vya foleni nzima, pamoja na vya matingo ambao darasa hawajalikanyaga. Magari yakavuka. Alipotaka kusaini cha kwake, Vitus akashusha kizuizi.

"Hairuhusiwi kujisainia, mzee. Sharti hilo uliliweka mwenyewe, eti wakulima ni wajanja."

Mkuu alinitazama kwa macho ya kuomba. Nilimhurumia, Mungu anaona. Nikampangia kiti chini ya turubai, mstari wa mbele.

Ng'ambo ya geti, Dorika alitoa kichwa dirishani.

"Soma kwa bidii, Mheshimiwa! Scholastica nimempigia. Amesema atachukua vyangu."